Mfadhili wa Shule Asibaki Jina Langoni

Msafiri atokaye Embu kwenda Meru, akiisha kupita Chuka na Igoji na kuvuka mito ya maji baridi iteremkayo kutoka Mlima Kenya, hufika Nkubu, mji wa soko wa Imenti Kusini, ambao katika eneo lake ataikuta hospitali ya Consolata pamoja na chuo chake cha wauguzi, kanisa la parokia, shule ya upili ya wavulana, na seminari ndogo iliyopewa jina la Mtakatifu Pius wa Kumi. Ujirani huo haukutokea kwa bahati. Wamisionari walipofungua kituo walijenga mahali pa kusali, mahali pa kutibu na mahali pa kusomea, kwa itikadi kwamba binadamu ni mmoja, na kwamba ni dhuluma kuihubiria roho yake ilhali mwili wake umeachiwa maradhi na akili yake imeachiwa ujinga. Naandika makala haya kwa sababu naiamini itikadi hiyo, na kwa sababu naona kwamba moja ya kazi zile tatu, yaani shule, inazidi kupoteza maana yake mbele ya macho yetu; majengo inayo, wanafunzi inao, lakini imeanza kumsahau mtu ambaye ilijengwa kwa ajili yake.

Shirika la Consolata lilianzishwa Turin, Italia, mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Wanashirika wake wa kwanza walifika nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, na mwaka 1911 wakaingia nchi ya Wameru, ambako Waingereza walikuwa wamekwisha kuweka boma lao tangu 1908. Hawakuwa peke yao katika pande hizi. Waanglikana walikuwa Kigari, Embu, tangu 1910. Wamethodisti wakaja Kaaga mwaka 1912. Na Wapresbiteri wa Uskoti wakajenga Chogoria mwaka 1922. Na kila dhehebu, likiisha kupata kiwanja na kuezeka paa, lilikusanya watoto na kuwafundisha kusoma.

Insafu yataka tukiri kwamba shule zile za mwanzo hazikufunguliwa kwa mapenzi ya elimu peke yake. Zilikuwa njia ya kuwapata wabatizwa, na mara nyingi mtoto aliyekwenda kujifunza herufi alijifunza pamoja nazo kuwaonea haya wazee wake, hata katika desturi ambazo hazikuwa na dhambi wala madhara. Wazazi waliligundua jambo hilo mapema. Mwaka 1929 na 1930, misheni kadhaa za Kiprotestanti zilipowataka waumini waape kuiacha tohara ya wasichana, Chogoria ilikimbiwa na sehemu kubwa ya watu wake, na miongoni mwa Wakikuyu na Waembu zikaibuka shule za kujitegemea, ambazo wazazi walizijenga kwa mikono yao na kuwalipa walimu kwa fedha zao, mpaka serikali ya kikoloni ilipozifunga nyingi katika ile hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Silitetei jambo walilolipigania, kwa maana tohara ile iliwadhuru binti zetu na sheria ya nchi imeikataza. Nalitaja kwa sababu linatuonyesha kwamba watu wa Mlima Kenya hawakuichukia shule hata siku moja. Walichokikataa ni kufundishiwa watoto na mtu ambaye hakuwaheshimu wao wazazi, na neno hilo ni la kukumbukwa na kila anayetaka kuendesha shule ya dini hata leo.

Na bado, pamoja na kasoro hizo, kulikuwa na kitu katika shule ya misheni ambacho mimi sijakiona mahali pengi tangu hapo. Mwaka 1928, katika mkutano wa wakuu wa misheni uliofanyika Dar es Salaam, Askofu Arthur Hinsley, aliyekuwa ametumwa na Papa kuzizuru misheni za Afrika katika makoloni ya Waingereza, aliwaagiza maaskofu jambo lililowashangaza wengi, nalo ni kwamba pale ambapo nguvu hazitoshi kufanya kazi zote mbili, kanisa lingoje na shule ikamilishwe kwanza. Kweli, agizo hilo lilikuwa na siasa ndani yake, maana tangu tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 serikali ilikuwa imeanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizofikia kiwango, na Wakatoliki hawakutaka kuachwa nyuma. Lakini mtu aliyeandaliwa kuhubiri, akaambiwa aiache mimbari yake ili amfundishe mtoto wa mkulima hesabu na kusoma, alikuwa anaambiwa pia kwamba mtoto yule ana thamani kabla hajabatizwa, na hata kama hatabatizwa kamwe.

Walikuwapo waliolielewa neno hilo bila kungoja mkutano. Sista Irene Stefani wa Consolata, ambaye Wakikuyu walimwita Nyaatha kwa huruma yake, na ambaye Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015, aliishi miaka mingi katika misheni ya Gikondi, akipanda na kushuka vilima vile nyumba hata nyumba, akiwatafuta watoto na vijana na kuwasihi wazazi wawaache waje darasani. Akafa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata kwa kumwuguza mgonjwa. Tazama, msomaji, mwelekeo wa safari yake. Yeye ndiye aliyekuwa akitoka kwenda kumtafuta mwanafunzi. Hakukaa langoni na kitabu cha stakabadhi akingoja mwanafunzi aje na karo.

Kwa bidii ya namna hiyo, wamisionari wa Consolata waliwatoa vijijini watoto ambao hakuna aliyekuwa akiwatazamia. Mwai Kibaki, kijana wa Othaya, alisoma kwa Consolata pale Mathari, Nyeri, kabla ya kwenda Mang'u; Wangari Maathai, binti wa Ihithe, alilelewa na masista wa Consolata katika shule ya Mtakatifu Cecilia, papo hapo Mathari, kabla ya kwenda Loreto Limuru na baadaye Marekani. Mmoja alikuja kuwa Rais, na mwaka 2003 akafuta karo katika shule zote za msingi za serikali. Mwingine alikuja kupewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004 kwa kazi ya kupanda miti na kuitetea haki. Siwataji kwa kujisifia, maana shule nyingi za madhehebu mengine na za serikali zina majina makubwa vilevile. Nawataja kwa sababu wote wawili, walipopata uwezo, waliutumia kwa ajili ya mtu asiye na uwezo. Na hilo ni tunda ambalo shule ya Kikatoliki inaruhusiwa kujivunia kuliko idadi ya waliokwenda chuo kikuu.

Uhuru ulipokuja, hapakuwa na budi swali la nani mwenye shule liulizwe. Katika Kenya, Sheria ya Elimu ya 1968 ilizitia shule za misheni mikononi mwa serikali, walimu wakawa wa Tume ya Kuajiri Walimu, na Kanisa likapewa cheo cha mfadhili. Katika Tanzania sheria ya mwaka 1969 ilikwenda mbali zaidi, ikazitaifisha. Na aliyezitaifisha alikuwa Mkatoliki mwenye ibada, Mwalimu Julius Nyerere, aliyewahi kusomesha katika shule ya Mtakatifu Maria Tabora na kisha katika Mtakatifu Fransisko Pugu, hata akaacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa za uhuru. Mwalimu alijua kwa hakika kile alichokitwaa. Alijua pia kwamba mtoto wa Kiislamu wa Kilwa au wa Tanga, na mtoto wa mikoa ambayo misheni haikufika, alikuwa ameachwa nyuma bila kosa lake, na kwamba taifa haliwezi kusimama juu ya upungufu wa haki kama huo. Sidhani kwamba alikosea katika nia, hata kama yako mengi ya kujadiliwa katika utekelezaji.

Lakini hapa kwetu Kenya mambo yalibaki nusu kwa nusu, na katika nusu hiyo ndimo tulimo hata sasa. Shule ni ya serikali, ardhi mara nyingi ni ya Kanisa, mwalimu mkuu huletwa na Tume, na jina la mtakatifu limeandikwa kwa rangi juu ya lango. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 27, inaeleza kazi za mfadhili: kushiriki katika kuipitia mitaala, kuwakilishwa katika bodi, kutoa ushauri wa kiroho, kuendeleza maisha ya kiroho huku akilinda dini na madhehebu ya wengine, na kusaidia kwa fedha na majengo. Inampa pia nafasi tatu katika bodi ya shule. Ni kazi pana na ya heshima. Ukiuliza, hata hivyo, ni jambo gani ambalo wafadhili na serikali wamelizozania zaidi miaka hii yote, utajibiwa kwamba ni nani ateuliwe kuwa mwalimu mkuu, na awe wa dhehebu gani. Mizozo juu ya watoto kukosekana darasani siisikii.

Nami nataka tuzungumze juu ya kukosekana huko. Siku ya kufungua shule mwezi wa Januari, kituo cha magari cha Nkubu hujaa masanduku ya bati yenye kufuli mpya, magodoro yaliyoviringishwa na kufungwa kamba, na ndoo za plastiki zilizoandikwa majina ya watoto kwa kalamu nzito. Na wazazi, waliovaa kama wanaokwenda Misa, hushika mkononi karatasi ya benki iliyokunjwa mara nne. Ni siku ya fahari. Juma moja baadaye, au mawili, ukipita barabara ile ile saa nne asubuhi siku ya kazi, utamkuta kijana aliyevaa sare kamili, tai imefungwa vizuri, ametembea kwa miguu kutoka shule yake akielekea nyumbani, na ukimwuliza atakujibu kwa sauti ya chini kwamba ametumwa karo. Nimekutana na vijana kama hao mara nyingi. Mmoja nilimwona na nembo ya msalaba kifuani mwa sweta yake. Shule yake siitaji, kwa sababu angeweza kuwa wa shule nyingi.

Yafaa tuzielewe hesabu za nyumba anayoiendea. Kwa miaka kadhaa sasa karo ya bweni iliyotangazwa na serikali kwa shule za kitaifa na zile za ngazi inayofuata imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na utaratibu ni kwamba nusu yake hudaiwa muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili, na 20 muhula wa tatu. Sasa mkulima wa Imenti huishi kwa kahawa, majani ya chai na ndizi. Kahawa ya msimu mkuu huchumwa mwisho wa mwaka, ikapelekwa kiwandani kwa chama cha ushirika, ikasafishwa, ikauzwa, na fedha yake kumfikia mwenyewe miezi mingi baadaye. Chai hulipa kidogo kidogo kila mwezi na fungu kubwa karibu na mwisho wa mwaka. Na ndizi mama huzibeba sokoni siku ya soko na kurudi na fedha ya chumvi, mafuta na daftari. Kwa hiyo mwezi wa Januari, mwezi ambao shule inadai nusu nzima, ndio mwezi ambao nyumba hiyo ina mkono mtupu kuliko miezi yote. Mzazi huyu si mkaidi wala si mvivu. Ametofautiana tu na kalenda. Na shule ambayo inasema imejengwa juu ya Injili ingekuwa ya kwanza kulijua jambo hilo, maana padre wa parokia hupokea sadaka kutoka kwa mkulima huyo huyo, na anajua vema ni Jumapili zipi kikapu hurudi chepesi.

Wengine watanijibu kwamba Kanisa lina shule zake za binafsi, ambazo halishurutishwi na mtu, na kwamba huko ndiko kunakoonekana elimu ya Kikatoliki iliyo safi. Naziheshimu shule hizo, na najua masista na mapadre wanaozihudumia usiku na mchana. Ila lazima niseme wazi lililo moyoni mwangu: shule nzuri, yenye uwanja wa majani na basi la rangi, ambayo karo yake yawatenga watoto wa parokia inayoizunguka, ni shule ya watu wenye uwezo iliyopewa jina la mtakatifu. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya malezi ya Kikristo, iliyotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, iliwasihi maaskofu na waumini wote wazitumie shule za Kikatoliki hasa kwa ajili ya wale walio maskini wa mali, wale waliokosa msaada na upendo wa jamaa, na wale ambao hawana imani. Hayo hayakuandikwa pembezoni kama nyongeza ya hisani, ndiyo kipimo. Shule inayowapokea watoto watatu maskini kwa ajili ya picha ya gazeti, na kuwakataa thelathini kimya kimya, haijakitimiza.

Jambo la pili ni zito zaidi kulisema, nalo ni dhamiri. Wazazi wengi, wawe Wakatoliki, Waprotestanti au Waislamu, huwapeleka watoto katika shule hizi kwa neno moja, nidhamu. Nidhamu ni neema, na mwenye kuidharau hajawahi kukaa katika darasa lisilo nayo. Lakini iko nidhamu ya kengele, ya mistari ya gwaride na ya viatu vilivyong'arishwa, ambayo huisha usiku taa zinapozimwa. Na iko nidhamu ya moyo, ambayo huanza hapo. Katika mipaka ya Jimbo la Meru, upande wa Tigania, palikuwa na shule ya mchanganyiko ya wavulana na wasichana iliyoitwa Mtakatifu Kizito. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991 wavulana, waliokuwa wamekasirika kwa sababu wasichana walikataa kujiunga na mgomo wao, walilivamia bweni lao. Wasichana 19 wakafa, na wengine zaidi ya 70 wakanajisiwa. Dunia nzima ilisikia. Kizito aliyebeba jina la shule ile alikuwa kijana wa Uganda, mdogo kuliko mashahidi wenzake wote, aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886 pamoja na wale waliokataa kuzitii tamaa za mfalme, naye Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu mwaka 1964. Watoto waliolala chini ya jina hilo, na waliolisikia kila siku asubuhi, hawakuwa wamelielewa hata kidogo. Tusiwalaumu wao peke yao. Jamii iliyowalea wavulana wale kuamini kwamba mwili wa msichana ni mali yao ilikuwa ni jamii yetu, na shule ilikuwa mahali pa mwisho ambapo itikadi hiyo ingeweza kusahihishwa, na haikusahihishwa. Mimi siwezi kuandika habari za thamani ya shule ya Kikatoliki katika Meru nikaupita usiku ule kana kwamba haukuwa. Wale wasichana 19 ndio wenye haki ya kwanza ya kutuuliza shule zetu zafundisha nini.

Nini hufundishwa, basi? Katika ratiba ya shule nyingi liko somo moja kwa juma liitwalo PPI, ambalo limewekwa kwa ajili ya malezi ya kichungaji, kila dhehebu na watoto wake. Ni dakika chache, lakini ni dakika za dhahabu, kwa kuwa hazina mtihani, na mtoto aweza kuuliza ndani yake maswali ambayo hawezi kuyauliza katika somo la kutafuta alama: kwa nini baba humpiga mama, kama kunakili jibu la jirani ni wizi, kama Mungu anamsikia mtu aliyefukuzwa kwa karo. Na ni nani hufika kuyajibu? Aghalabu katekista mmoja, asiyelipwa nauli, mwenye shule tano au sita za kuzungukia kwa miguu. Au hafiki mtu, na kipindi kikatolewa kwa mwalimu wa hisabati amalizie mada yake. Chama cha wanafunzi cha YCS kimejaribu kuliziba pengo hilo, nami nimewaona vijana wake wakifua nguo za wagonjwa wasio na jamaa na kuwasomea barua wazee wasiojua kusoma, bila mtu wa kuwapigia picha. Katika kazi kama hiyo niliiona elimu ya Kikatoliki kwa macho yangu, kuliko katika siku za kutangazwa matokeo, ambapo mwalimu mkuu hubebwa mabegani na nyimbo huimbwa, na watoto waliopata alama ndogo hukaa nyumbani wakiona haya kutoka nje.

Kuhusu watoto wa dini nyingine sitakawia sana, ila pana neno lipasalo. Kwa jirani zetu wa Isiolo ulizuka mzozo juu ya wasichana wa Kiislamu waliotaka kuvaa hijabu katika shule ya kutwa ya Mtakatifu Paulo Kiwanjani, ambayo mfadhili wake ni Kanisa la Methodisti. Mahakama ya Rufani ikawapa haki wasichana mwaka 2016, na Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019. Sheria imesema yake. Lakini mfadhili aliyeshinda mahakamani hajalazimika kuitumia nguvu yake yote, na mimi ningependa shule za Kikatoliki zijulikane kwa ukarimu unaozidi ule ambao hakimu anaweza kuuamrisha. Mtoto wa Kiislamu aliyesoma kwetu miaka minne na kutoka akiwa Mwislamu mwema zaidi, mwenye elimu na asiye na chuki kwa Wakristo, ni sifa kwetu wala si hasara.

Iko kazi moja iliyofanywa katika milima ya Nyambene ambayo ningependa kila mjumbe wa bodi aifikirie kabla hajainua mkono kupiga kura. Huko Tuuru, Consolata walikuwa na makao ya watoto wenye ulemavu, ambao wengi miguu yao ilikuwa imeharibiwa na polio, na makao hayo hayakuwa na maji. Mwishoni mwa miaka ya sitini Bruda Giuseppe Argese, ambaye Wameru walimwita Mukiri kwa ukimya wake, alianza kuyatafuta maji katika msitu wa Nyambene pale Mukululu, kuyakusanya, na kuyateremsha kwa mabomba mpaka kwa watoto wale. Maji yale hayakuishia kwao. Bomba lilirefushwa mwaka hata mwaka, likapita kijiji na kijiji, mpaka malaki ya watu wa Tigania na Igembe, ambao hawakuwa na mlemavu nyumbani wala hawakuwa wote Wakatoliki, wakanywa maji yaliyotafutwa kwa ajili ya watoto waliokuwa wa mwisho kuhesabiwa katika jamii. Kama angeanza na wenye nguvu na wenye mashamba makubwa, sidhani maji yangewafikia wale watoto hata leo. Aliyeanza na wa mwisho aliwafikia wote.

Basi yale ninayoyaomba ni machache, na yote yanawezekana bila kungoja sheria mpya. Shule zilizo chini ya ufadhili wa Kanisa katika majimbo ya Meru na Embu zimwachie mkulima alipe kwa kadiri ya misimu yake, kwa mapatano yaliyoandikwa na kuheshimiwa pande zote mbili, na zikubali mahindi, maharagwe, ndizi na kuni kwa bei ya soko, kama baadhi ya shule zifanyavyo tayari na hazikufilisika. Shule za binafsi za Kanisa zitenge nafasi za kweli kwa watoto wa parokia zisizo na kitu, na karo yao ichangwe na jumuiya ndogo ndogo pamoja na wanafunzi wa zamani, ambao wengi wao leo wamo katika ofisi za Nairobi na ng'ambo na hawajaulizwa hata mara moja. Katekista wa shule alipwe nauli na posho kutoka katika sadaka ile ile inayopaka rangi kanisa, na kanisa lingoje rangi kama Hinsley alivyoagiza lingoje. Na wajumbe watatu wanaomwakilisha mfadhili katika kila bodi, kabla ya kuuliza juu ya uteuzi wa mwalimu mkuu, juu ya basi au juu ya bweni jipya, waitishe daftari la mahudhurio, waulize kwa majina ni mtoto gani hayumo darasani siku hiyo na kwa sababu gani, na kikao kisifungwe mpaka wawe wamekubaliana ni nani kati yao atakayekwenda nyumbani kwake kumrudisha.